Kengele Zilizozibwa Nyasi

Garissa, baada ya adhana ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Salamu za wino zina upungufu mmoja: hazina mkono. Nilikusudia salamu zangu za kesho zikufikie kwa mkono, ndani ya lori la msafara, nikiwa nimeketi kando yako juu ya masanduku yetu, tukiitazama Garissa inavyorudi nyuma. Ndivyo nilivyokuahidi tangu barua ya Nairobi ilipofika. Ahadi hiyo naivunja. Kesho utasafiri na Mwalimu Tabitha na mumewe, nami nitabaki. Mama yako amekwisha kukuambia kwamba nina shughuli ofisini. Hakudanganya, lakini hakumaliza, kwa sababu nilimwomba aniachie mimi sehemu ya kumalizia.

Habari za blanketi, za dawa ya malaria, za kutoshuka njiani msafara unaposimama, nimemwachia yeye. Amezisema na atazirudia alfajiri. Mimi nataka kukueleza kwa nini mtu ambaye maisha yake yote ameyatumia kupiga ngoma na kuandika juu ya ngoma amekuja kufedheheshwa na kengele za ngamia. Na kwa nini kesho, badala ya kwenda kuipokea kazi ambayo ameililia kwa miaka, anakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya usalama.

Unajua nilikozaliwa. Babu yako, ambaye hukumuwahi, alibeba magunia bandarini Mombasa siku za kazi, na siku za sikukuu alivaa koti lenye vifungo vya shaba akapiga ngoma kubwa katika kundi la beni, ngoma ile ya kuiga gwaride la askari. Kwangu mimi hapakuwa na sultani wala gavana aliyemfikia mtu yule siku ya sikukuu. Nilijifunza mapigo yake kwa kuyafuatisha juu ya madebe ya mafuta ya taa, hata majirani wakamwomba anitafutie madrasa ya mbali. Niliyoyapata kwake ni mawili: mkono mzito, na imani kwamba anayesikika ndiye anayeheshimiwa. Mkono ule umenilisha. Imani ile ndiyo imenifikisha hapa.

Nikaenda chuo kikuu Kampala. Huko tulifundishwa kuimba zaburi kwa sauti nne na mzee mmoja wa Kizungu, mpole, asiyemtukana mtu, ambaye siku moja alisema darasani kwamba ngoma za Kiafrika ni kelele zenye mpangilio. Laiti angelitukana! Tusi lina dawa yake. Upole ule haukuwa nayo. Jioni ile nilipanda juu ya meza ya chakula. Nikawaambia wenzangu kwamba taifa linaloona haya kuisikia ngoma yake litaona haya kuidai ardhi yake. Nikawaambia kuwa methali isemayo ngoma ikivuma sana hupasuka ilitungwa na watu walioiogopa ngoma, na kwamba sisi tutavuma mpaka kuta ndizo zipasuke. Mwanangu, walipiga meza kwa vijiko! Hatukuingia darasani wiki nzima. Madai yetu yalikuwa ya haki, na leo bado nayatetea: tulitaka ngoma ifundishwe kama elimu, ifundishwe na wenyewe. Lakini nitakwambia jambo ambalo sikulisema katika masimulizi yangu yote ya kishujaa uliyoyasikia mezani kwetu. Nilipokuwa juu ya meza ile, sikuwa nikiifikiria ngoma. Nilikuwa nikivisikiliza vijiko.

Walinisimamisha masomo mwaka mzima, nikashukia Nairobi, nikaingia katika bendi ya jazi. Siku zile ukipata seti ya ngoma ya kukaa kitako, yenye ngoma ya mguu na matoazi, umekuwa mtu. Tulipiga katika kumbi za mitaa ya Waafrika, na mara mojamoja katika klabu za Wazungu, ambako tuliingilia mlango wa jikoni na kula tukiwa tumesimama. Kiongozi wetu alikuwa mpiga tarumbeta, Mzee Kitwana, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ila kwa macho. Usiku wangu wa kwanza nilipiga kana kwamba nimeahidiwa pepo. Tulipopumzika aliniita pembeni.

"Kijana, wewe umesoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Na siasa unaijua?"

"Naijua sana."

"Basi hapa si mkutano wa hadhara. Umepiga mpaka watu wamekosa pahala pa kuweka mguu. Waachie nafasi, bwana. Mtu hachezi ngoma. Anacheza ile nafasi uliyomwachia."

Nilimchukia kwa mwezi mmoja. Kisha nikamwelewa, na nilipomwelewa niligeuza uelewa huo kuwa elimu. Niliporudi chuoni niliandika tasnifu yangu juu ya kituo: ule mkato katikati ya mapigo, pahala ambapo mpigaji hapigi na mchezaji anajua kwamba hapigi. Nilipima vituo vya ngoma za pwani, za ziwani na za milimani. Nilivipima tena ng'ambo nikiongeza shahada, nikivilinganisha na vya wapiga jazi wenye asili yetu waliovuka bahari kwa minyororo. Wataalamu walinisifu. Walisema hakuna aliyepata kuusikiliza ukimya kwa makini kama mimi. Niliamini, na kuamini kwangu kusingekuwa na hatari kama ningekuwa mpiga ngoma tu. Lakini nilikuwa pia mtu wa majukwaa, na wale wawili waliishi ndani yangu bila kuamkiana.

Ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka tulivyoletwa Garissa. Nilikuwa nimemwambia mkubwa wa elimu, mbele ya watu, kwamba ofisi yake ni ghala la woga. Uhuru ulikuwa bado unapigiwa hodi, na siku zile mtumishi aliyekuwa na mdomo alitumwa huku ili jua limfundishe adabu. Nilishuka na seti yangu ya ngoma, kinasa sauti changu, mama yako, wewe, na hasira ya kuujaza mto Tana.

Arusi ya kwanza tuliyoalikwa unaikumbuka, ingawa nadhani unakumbuka pilau tu. Wanawake walikuwa wamesimama nusu duara, wakipiga makofi na kukanyaga, na mmoja akiimba shairi. Hapakuwa na ngoma hata moja. Nikajisemea: maskini, wameikosa. Ndiyo, Zuhura, mimi niliyepewa shahada kwa kusikiliza ukimya! Nikaenda nyumbani nikarudi na ngoma mbili, nikaketi, nikaanza kuwajazia. Makofi yakapungua, yakawa machache, yakakoma. Waliketi chini kwa heshima zote wakanitazama mpaka nilipomaliza. Ndipo yule mwimbaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mifugo, akaniuliza:

"Maalim, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Wallahi umefanya kazi. Umetoka jasho. Sasa tunaweza kuendelea na arusi?"

Walicheka hata watoto. Yule ndiye Hawo. Kaka yake, aliyenipa maziwa ya ngamia ili nisione haya, ndiye Dahir, huyo ambaye wewe tangu siku zile unamwita adeer, baba mdogo, na ambaye kwa kila hali amekuwa hivyo kwako. Urafiki wetu ulianzia katika kicheko kile. Dahir alinifundisha makofi yale, mkono wa kushoto ukiwa kifuniko na wa kulia ukiwa mpigo. Alinipeleka kwenye visima vinavyochimbwa katika mchanga wa laga, mto ule mkavu, nikawaona watu wamesimama kwenye vidato vya kisima, mmoja juu ya mwenzake, ndoo ikipanda mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoamua ndoo iende kasi gani. Nikamwambia nimepata kitabu cha maisha yangu. Akasema, "Kitabu ni kizuri, maalim. Lakini shika ndoo kwanza."

Kisha vita vikaja, nawe umevikulia. Sina haja ya kukueleza amri ya kutotembea baada ya giza, wala mabomu ya ardhini, wala lori la mwalimu mkuu lililolipuliwa. Unajua pia msimamo wangu, kwa sababu sijapata kuuficha: kwamba mpaka uliochorwa na mgeni umewafanya watu wa maji mamoja kuwindana, na kwamba serikali niliyoililia kwa mapigo ya ngoma haina haki ya kumwona kila mfugaji kuwa shifta, yaani mwasi wa porini, wala shifta hana haki ya kumfanya kila mtumishi kuwa adui. Hayo nayashikilia. Ninalolijutia si msimamo.

Tangu vita vianze, wafugaji wamezinyamazisha kengele. Ngamia kiongozi huvaa kengele ya mti, wenyewe huiita koor, na kila familia huchonga yake, hivyo kwamba mtoto aliyelala anajua kama mifugo inayopita ni yao au ya watu. Sasa wanazishindilia nyasi ndani, zisilie. Askari wakizisikia watauliza mifugo hii inafanya nini nje ya mipaka iliyowekwa. Shifta wakizisikia watakuja kuchukua nyama. Kundi zima la ngamia linapita kama kundi la vivuli. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilihisi kama mtu aliyefika mjini akakuta vinywa vimeshonwa.

Barua ya Nairobi ilipokuja, ya kuniita nikafundishe muziki katika chuo kikuu, nikaanzishe somo lile nililolidai juu ya meza ya chakula, nilijiambia: siwezi kuondoka bila sauti ya kengele hizi. Nina nyimbo za visima, nina makofi, nina mashairi ya Hawo. Kengele sina. Nikamwendea Dahir, ambaye alikuwa na ngamia wake kwenye laga, upande ambao wafugaji wamekatazwa kwenda, kwa kuwa upande ulioruhusiwa hauna maji. Mimi pia sikuwa na kibali cha kuwa kule. Nikamwomba azitoe nyasi. Kidogo tu, nikamwambia, nipate sauti, kisha uzirudishe.

Alinyamaza. Alikitazama kinasa sauti, akatazama miti, akanitazama mimi. Hapo pana kituo, Zuhura. Mtu aliyebobea katika vituo alikuwa amesimama mbele ya kituo kirefu kuliko vyote alivyopima, na akakisoma vibaya. Nilidhani anafikiri ni ngamia yupi mwenye sauti nzuri. Nimeishi na watu hawa miaka hii yote, na bado sikukumbuka lile ambalo kila mtoto wa hapa analijua: mwenyeji hamwambii mgeni hapana. Akiombwa kisichowezekana, hunyamaza, ili mgeni mwenyewe apate nafasi ya kuliondoa ombi lake. Yeye aliniachia nafasi. Mimi nikaijaza. Nikasema, "Dahir, ndugu yangu, ni kwa ajili ya historia."

Akazitoa nyasi kwa vidole vyake.

Sitakudanganya: zililia vizuri. Zililia kama mvua ya kwanza juu ya mabati, kila moja kwa wakati wake na zote kwa pamoja. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua doria ilikuwa imetuzunguka.

Sehemu inayofuata ndiyo uliyoisikia shuleni, nami niliiacha isikike. Wanafunzi wanasema Mwalimu wa Muziki aliwahutubia wanajeshi porini mpaka wakaduwaa. Wewe mwenyewe ulinikimbilia mlangoni ukasema, "Baba, kumbe umewaweza!" Nikacheka. Nisikilize sasa jinsi ilivyokuwa.

Sajini wao alikuwa kijana wa bara, midomo imepasuka kwa kiu, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida:

"Hizi kengele, ni nani amesema zifunguliwe? Siku nyingi hatujasikia kengele huku."

Swali lile lilikuwa na jibu la neno moja. Nami nilikuwa nalo. Lakini nilimwona amebeba bunduki, nikaona bendera begani mwake, na yule mtu wa juu ya meza akaamka. Nikamwambia, "Afande, wewe unauliza kengele, mimi nakuuliza katiba! Ni sheria gani inayomkataza raia kuyafuata maji? Tulifukuza bwana mmoja ili tuwekewe mwingine mwenye rangi yetu?" Nikaendelea. Ilikuwa hotuba nzuri; sentensi zake zilisimama zenyewe bila mkongojo. Askari mmoja aliinamisha kichwa. Sajini alisubiri nimalize, kisha akasema, "Mwalimu, hapa si darasani," akageuka akamuuliza Dahir swali lilelile.

Dahir akasema, "Ngamia yangu. Kengele yangu. Mimi."

Hakunitazama. Nami nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba huo ulikuwa ujasiri wa mpiganaji aliyetiwa moyo na maneno yangu.

Mimi waliniachilia. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nina tai, nina mashine. Walidhani nimepotea njia. Yeye walimfunga mikono kwa shtaka la kuwaashiria shifta kwa kengele, na ngamia wake wakaswagwa mpaka boma la serikali. Tangu siku hiyo nimeandika malalamiko matatu kwa wakubwa. Uliniona nikiyaandika, ukanichongea penseli. Nimeieleza historia ya mpaka, nimeeleza haki za mfugaji, nimefananisha wakoloni na warithi wao. Katika malalamiko yote matatu hakuna mahali nilipoandika kwamba kengele zilifunguliwa kwa ombi langu. Nilijiambia kuwa hiyo ni habari ndogo katika jambo kubwa. Naomba uliogope neno hilo ukilisikia ndani ya kichwa chako mwenyewe.

Juzi Hawo alikuja, amekasirika, na akikasirika baadhi ya p zake huwa b. Wewe ulikuwa kwa Mwalimu Tabitha mkishona mifuko. Alikataa kiti, akaketi kwenye mkeka karibu na mama yako aliyekuwa akichambua mchele.

"Maalim, tumeambiwa wiki hii watabeleka Dahir mbali. Kizuizini. Na ngamia watauza."

Nikaanza kumweleza kwamba nimewaandikia wakubwa, kwamba barua ya tatu ni kali kuliko zile mbili.

"Barua inasema nini?"

"Inasema serikali inawadhulumu watu."

"Serikali inajua hiyo bila barua yako," akasema. "Nani alifungua kengele, umeandika?"

Mama yako aliacha kuchambua mchele.

"Dahir ameulizwa kila siku," Hawo akaendelea. "Kila siku anasema mimi. Nimemwambia, wewe bunda, sema ukweli, mtu mwenye mashine ndiye aliomba! Unajua amejibu nini? Amesema, yule alikuwa mgeni wangu, alikunywa maziwa yangu, siwezi kuelekeza kidole kwake. Basi mimi nikasema, mimi si mwenyeji wake. Mimi nitakwenda kumwelekeza kidole." Akainua mkono, akanionyesha kidole kile, karibu kabisa na pua yangu. "Huyo hapa. Na maneno yako ni tamu, wallahi, kama asali. Lakini naona unaongea sana mahali ambapo neno moja linatakiwa, na hilo moja ndilo huna."

Nilijaribu kumwambia kuwa sikujua. Akaniuliza swali ambalo limekaa nami tangu juzi: "Hukujua, au ulikuwa unaongea?"

Alipoondoka, mama yako aliendelea na mchele wake kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo hatuendi."

"Nikisema, nafasi ya chuo inapotea," nikamwambia. "Niliingia eneo lililokatazwa bila kibali. Mtumishi wa serikali. Wanaweza kunifunga na mimi."

"Nimesikia. Nimesema, kwa hiyo hatuendi." Akapepeta ungo. "Mtoto ataenda. Masanduku mawili tutayafungua."

Hivyo ndivyo baraza la nyumba yetu lilivyokata shauri, na sikumbuki lini nimesikia hotuba fupi kuliko hiyo iliyonifikisha mbali hivi. Kesho ndiyo siku ambayo afisa wa usalama ataipitia kesi ya Dahir kabla ya lori la wafungwa kuondoka. Msafara wenu nao ni kesho, na mwingine haujulikani utakuwa lini. Chuo kimesema wazi kwamba nisiporipoti juma hili, nafasi itampata mwenye kungoja baada yangu. Kama ningekuwa mwandishi wa michezo ya jukwaani ningesema imepangwa mno. Lakini ndivyo ilivyo, na nimeacha kuilalamikia.

Sasa nikugeukie wewe, kwa kuwa barua hii ni yako.

Unakwenda kusomea ualimu, na unataka, jioni, kupiga ngoma katika bendi ya Mzee Kitwana, kama angali na pumzi ya tarumbeta. Watakuambia mwanamke hapigi ngoma za kukaa kitako. Nilikuwa nimekuandalia maneno ya kuwajibu, makali kweli, lakini nimeyachana. Keti, upige. Mkono wako wa kulia ni mwepesi kuliko wangu, na una jambo ambalo mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa: unamsikiliza anayeimba. Nimekutazama ukiwapigia makofi kina Hawo, hutangulii. Sijui ulilipata wapi. Si kwangu.

Ukiwa mpigaji tu, makosa yako yatasikika usiku uleule na utayasahihisha kesho yake. Ukitaka kuwa pia msomi wa muziki, na naona macho yako yanavyoifuata mashine yangu, ujue kuwa msomi anaweza kukosea miaka mingi huku akipigiwa makofi. Kinasa sauti hakioni haya. Kinachukua wimbo wa kisima bila kuuliza kama kuna maji. Mimi nilimwomba mtu sauti bila kuuliza itamfikisha wapi akishaitoa. Nilikuwa nikiikusanya Garissa kana kwamba ni mali inayookolewa motoni, kumbe wenyewe wangali ndani ya nyumba.

Sikuachi na sheria yoyote juu ya hili. Nilijaribu kuitunga jana, ikawa tamu sana, nikaishuku.

Wala sitaki uondoke ukidhani nimekuambia unyamaze. Utafika Nairobi katika siku ambazo watu wanaanza kunong'ona walichokuwa wakikiimba, na sauti itahitajika. Siku utakayoona dhuluma, sema. Nilipopanda juu ya meza nilikuwa na haki, na nisingependa binti yangu awe mtu wa kukaa chini. Ila siku ile kwenye laga palikuwa na mtu mmoja ambaye angeokolewa na habari ndogo niliyokuwa nayo mimi peke yangu, nami nikampa jambo kubwa ambalo kila mtu analo. Ninakueleza hili kwa sababu unanifanana. Mama yako anasema unanifanana hasa ukiwa umekasirika.

Wenzako wakikuuliza Nairobi habari za baba yako aliyewahutubia wanajeshi, usinitetee, wala usinisimange. Waambie baba yangu yuko Garissa. Baadaye, mambo yakijulikana, utakuwa na la kuongeza.

Seti ya ngoma nimeifunga katika gunia la katani; chukua yote, hata toazi lenye ufa, lina sauti ambayo nimekataa kuiuza mara nyingi. Kanda za sauti nazibakiza. Zile za kengele nitazipeleka kesho kwa afisa, azisikie, kwa sababu sauti yangu imo mle, ikimwambia Dahir kwamba ni kwa ajili ya historia.

Sijui kama maneno yangu yatamtoa. Afisa anaweza kusema kwamba nimekuja kumfichia rafiki kosa lake, nasi sote wawili tukapanda lori lilelile. Anaweza pia kuwa mtu mwenye masikio. Nimejaribu kuandika nitakayoyasema, na kila mara inakuja kurasa tatu. Jioni hii, kabla ya giza, Hawo alipita kuuliza kama bado nina nia. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Akausikiliza wote, amesimama mlangoni, mikono ndani ya shuka.

"Kesho asubuhi tunakwenda pamoja," akasema. "Mimi nakaa kwenye benchi, karibu na dirisha. Wewe ukiingia, sema kengele. Ukianza hiyo karatasi, nitakohoa."

Nimekubali.

Baba yako